Kipepeo wa nusu dume, nusu jike: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Bukavu

Mvulana mmoja wa Nguba aliniletea kipepeo ndani ya daftari lake la hesabu. Mabawa ya kulia yalikuwa meusi, yenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau inayometa. Ya kushoto yalikuwa ya rangi ya chungwa, na ncha nyeusi yenye mkanda mweupe. Mtoto alidhani kuna mtu aliyeunganisha vipepeo wawili kwa gundi. Nilimgeuza yule mdudu mbele ya darasa zima, na gundi haikuwepo. Tukamweka ndani ya kisanduku cha kiberiti kabatini. Wiki tatu baadaye tulikuta sisimizi wamemmaliza. Kilichobaki ni vumbi la magamba na kipande cha bawa. Foto hatukuwa tumepiga.

Tangu siku hiyo wanafunzi, wazazi na hata wafuga nyuki wa njia ya Kavumu wananiuliza maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa.

Mwalimu, kweli wapo? Au ni foto za kutengenezwa kwenye telefone?

Wapo, na wameonekana na watu wengi wakiwa hai. Mwezi wa Julai 2011, kwenye nyumba ya vipepeo ya Makumbusho ya Historia ya Asili mjini London, alitoka ndani ya pupa (ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo) kipepeo mkubwa wa Asia aitwaye Papilio memnon. Upande mmoja ulikuwa mweusi kama dume, wa pili ulikuwa na rangi nyepesi na michoro ya jike, na mstari wa kuwatenga ulipita katikati ya mwili. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba mjini Philadelphia, Marekani, mtu wa kujitolea alikuwa akiwatoa vipepeo wapya kwenye chumba cha pupa, akamwona Lexias pardalis wa namna hiyo hiyo: mabawa ya upande wa jike makubwa, ya kahawia yenye madoa ya manjano, na ya upande wa dume madogo zaidi, meusi yenye kingo za kijani na buluu.

Anaitwaje?

Kitaalamu ni jinandromofu, neno lililotoka Kigiriki: mwanamke, mwanaume, umbo. Darasani kwetu tunasema tu «nusu-nusu», na kila mtu anaelewa.

Basi ni huntha?

Hapana, ingawa naelewa kwa nini watu wanachanganya. Konokono yule mnayemkuta kwenye majani ya lengalenga baada ya mvua ndiye huntha wa kweli. Kila konokono wa bustani ana viungo vya kiume na vya kike, vyote vinafanya kazi, na ndivyo aina yake ilivyo tangu babu wa babu. Seli za konokono huyo hazitofautiani kijinsia, ziwe za kulia au za kushoto.

Kwa nusu-nusu ni jambo jingine. Seli za upande mmoja ni za kiume, na seli za upande wa pili ni za kike, kwa urithi wake wenyewe. Aina yake ina madume na majike kama kawaida; yeye peke yake ndiye aliyezaliwa hivyo.

Inatokeaje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uzuri wote ulipo.

Jinsia ya kipepeo inategemea kromosomu mbili (nyuzi ndogo za urithi zilizo ndani ya seli), Z na W. Dume ana Z mbili. Jike ana Z moja na W moja. Kwetu binadamu mpango umegeuka: mwanamke ndiye mwenye mbili zinazofanana, yaani X na X, na mwanaume ana X na Y. Kwa hiyo kwa binadamu mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto ni msichana au mvulana, na kwa vipepeo yai la mama ndilo linaloamua. (Kila mwaka nikifika hapo nasimamisha somo. Kuna mama wengi katika mji huu wanaolaumiwa na ukoo kwa kuzaa wasichana tu. Lawama hiyo ingekuwa na msingi kidogo kama wangekuwa vipepeo.)

Sasa yai linapokomaa, kiini chake kinagawanyika. Kwa kawaida kiini kimoja kinabaki na kazi, na vingine vinakufa pembeni. Mara chache sana, viini viwili vinabaki hai ndani ya yai lile lile, kimoja kikiwa na Z na kingine kikiwa na W. Ongeza jambo hili: kwa vipepeo ni kawaida mbegu kadhaa za dume kuingia ndani ya yai moja, ingawa ni moja tu inayoungana na kiini cha yai. Zikikuta viini viwili vinangoja, kila kiini kinaweza kupata mbegu yake. Mbegu zote za dume zina Z. Yenye Z ikikutana na Z, upande huo unakuwa dume. Yenye Z ikikutana na W, upande huo unakuwa jike.

Ni kama nyumba iliyojengwa na mafundi wawili, kila mmoja akianzia upande wake na ramani yake mwenyewe, hadi wanakutana kwenye ukuta wa kati. Ukitafakari vizuri, kulia na kushoto kwa mdudu huyu ni ndugu wawili. Ni kaka na dada wa baba mmoja na mama mmoja, au wa baba wawili ikiwa mama alipandwa na madume wawili, wakiishi ndani ya ngozi moja.

Njia ya pili ilielezwa kwa nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Thomas Hunt Morgan na Calvin Bridges waliandika juu yake mwaka 1919. Nzi jike huanza na X mbili. Seli zinapogawanyika mwanzoni kabisa, mojawapo inaweza kupoteza X moja, na seli zote zinazotoka kwake zinakuwa za kiume. Ajali ikitokea kwenye mgawanyiko wa kwanza, unapata nusu kwa nusu. Ikichelewa, unapata kiraka tu: jicho moja, au kipande cha bawa. Ndiyo maana wengine hawana mstari safi katikati, wana madoa ya jinsia moja yaliyotapakaa juu ya mwili wa jinsia nyingine. Kwa nondo wa hariri iligunduliwa hata familia ambayo tabia hii inarithiwa: mama anataga mayai yenye viini viwili mara kwa mara.

Mbona binadamu hawatoki hivyo, nusu ndevu nusu bila ndevu?

Kwa sababu ya homoni. Mwilini mwetu tezi zinatoa homoni za kiume au za kike, damu inazibeba, na damu ile ile inafika shavu la kulia na shavu la kushoto. Hata kama seli za upande mmoja zingetofautiana kikromosomu na za upande wa pili, zote zingesikia tangazo moja.

Mdudu hana tangazo la namna hiyo. Kila seli inasoma kromosomu zake yenyewe na kujiamulia. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kwa nondo wa hariri, kromosomu W inatoa kipande kidogo sana cha RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye urithi wa seli), na hicho ndicho kinachoiambia seli iwe ya kike. Kazi hiyo inafanyika ndani ya seli, bila kupita kwenye damu.

Ndege wako katikati. Wao pia wana Z na W. Watafiti wa Edinburgh waliwachunguza kuku wa nusu-nusu, na mwaka 2010 wakatangaza kwamba seli za ndege zinajijua jinsia zenyewe kwa kiasi kikubwa, hata homoni zikiwepo. Fikiria kuku mwenye kipi kikubwa mguuni na mwili mzito upande mmoja, na umbo la kuku jike upande wa pili. Kwa hiyo mama wanaofuga kuku huko Panzi, nao wafungue macho.

Ni wachache kiasi gani?

Kadirio linalotajwa sana kwa vipepeo ni mmoja kati ya 10,000 wanaotoka pupa. Ile makumbusho ya London, yule wa 2011 alipozaliwa, ilikuwa na vipepeo wakavu wapatao milioni 4.5, na nusu-nusu walikuwa karibu 200 tu.

Lakini hesabu hizo zina tundu moja. Tunahesabu wale tunaoweza kuwatambua. Yule kipepeo mkubwa mweusi na manjano anayetaga kwenye mindimu yetu, Papilio demodocus, dume na jike wake wanafanana kwa sura. Nusu-nusu wa aina hiyo anaweza kukaa mbele yako juu ya ua asubuhi nzima, na usijue.

Hapa Kivu nitazame kipepeo gani?

Tazama aina ambazo dume na jike hawafanani. Kwetu naanza na watatu.

Wa kwanza ni yule wa mvulana wa Nguba, Hypolimnas misippus. Anapatikana karibu Afrika nzima, hata kwenye viwanja vya mjini, na viwavi wake wanakula gugu lile laini lenye majani manene linalotambaa chini, ambalo wengine wanalipika kama mboga. Dume ni mweusi mwenye madoa meupe. Jike ni wa chungwa, na sababu ya rangi hiyo inavutia. Anamwiga kipepeo mwingine, Danaus chrysippus, ambaye viwavi wake wanakula mimea yenye utomvu mweupe na kubaki na sumu yake mwilini. Ndege aliyewahi kumwonja yule wa sumu anamwacha na huyu jike pia, ingawa jike hana sumu. Kwa hiyo nusu-nusu wa aina hii amevaa vazi la kuogopwa upande mmoja tu. Akitua na mabawa wazi, hakuna anayeweza kumkosa.

Wa pili ni Papilio dardanus wa msituni na wa mabustani yenye miti. Dume ana rangi ya manjano ya maziwa, na kila bawa la nyuma lina mkia. Majike wa huku bara kwa kawaida hawana mkia, nao wana mavazi tofauti tofauti, mengine meusi na meupe, mengine yenye chungwa, kila vazi likiiga kipepeo mwingine asiyelika. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba wataalamu walidhani ni aina mbalimbali, hadi Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipoonyesha mwaka 1869 kwamba ni mke na mume. Nusu-nusu wa dardanus ana mkia mmoja. Lakini mkia hukatika kirahisi, kwa hiyo usihesabu mikia, tazama rangi.

Wa tatu hana makuu: Catopsilia florella, mweupe anayepita kwa makundi. Dume ni mweupe wa kijani kidogo, jike anaweza kuwa wa manjano kabisa. Hapo inahitaji jicho lililozoea.

Na mahali? Watu wanakwenda kutazama kwenye tope na mchanga uliolowa kando ya Ruzizi, kwa sababu vipepeo hukusanyika hapo kwa wingi. Wale wanaofyonza chumvi kwenye tope karibu wote ni madume. Kwa kuwaona madume na majike pamoja, simama karibu na ua la lantana saa nne asubuhi, jua likishapasha, hasa mvua za Septemba zikisharudi.

Nimemwona mmoja mwenye bawa moja dogo na lililopauka. Ndiye?

Pengine siye. Bawa dogo lililokunjamana ni la kipepeo aliyetoka pupa vibaya, bawa likakauka kabla ya kunyooka. Bawa lililopauka limepoteza magamba kwa uzee au kwa kung'ang'ana na mwiba. Nusu-nusu wa kweli ana michoro kamili pande zote mbili, kila upande ukiwa mzima kwa namna yake. Mtazame pia chini ya mabawa, kwenye papasi (vile vipembe viwili vya kichwani) na kwenye ncha ya tumbo. Wasiwasi ukibaki, mtafute dume na jike wa kawaida wa aina hiyo, wapige foto, halafu linganisha.

Na mtu akitengeneza wa uongo?

Inatokea, na ni mchezo wa zamani. Mwaka 1702 mkusanyaji mmoja wa Uingereza, William Charlton, alimpelekea mwenzake James Petiver kipepeo wa manjano mwenye madoa meusi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, alimpokea kama aina mpya na kumpa jina, Papilio ecclipsis. Ilifika 1793 ndipo mtaalamu wa wadudu Johan Christian Fabricius alipotambua kwamba madoa yalikuwa yamechorwa kwa rangi juu ya kipepeo wa kawaida. Miaka tisini! Kwa mkavu, tazama kwa kioo cha kukuzia pale bawa linapoungana na kifua. Gundi inang'aa na inashika magamba. Kwa foto, omba zaidi ya moja, za pembe tofauti.

Anaruka? Anazaa?

Anaruka, ingawa upande wenye bawa kubwa unaweza kumyumbisha. Kuzaa ni shida. Viungo vya ncha ya tumbo mara nyingi vimegawanyika katikati, kwa hiyo kupandana ni kugumu, na wengi wao ni tasa. Anaishi maisha yale yale ya kipepeo, ananyonya maua, anaota jua, kisha anakufa siku zake zikitimia.

Mama yangu anasema ni ishara mbaya, tumwue. Ni uchawi?

Namheshimu mama yako, na nimeshajibu swali hili mbele ya akina mama wengi wenye umri wake. Hakuna aliyemtuma mdudu huyu. Alianza kama yai dogo kuliko punje ya uwele lililobandikwa chini ya jani, na kilichotokea kilitokea ndani ya yai kabla kiwavi hajala jani lake la kwanza. Hakuja kwako kwa sababu yako. Ameruka juu ya malupango (viwanja vya nyumba) mengi kabla ya kufika kwenu.

Ombi langu ni moja: msimpondeponde. Kipepeo huyu unaweza kumaliza maisha yako yote bila kumwona wa pili.

Ni dawa za shamba au madini yenye mionzi yanayosababisha?

Nusu-nusu walikuwa wakikusanywa na kuchorwa muda mrefu kabla ya dawa za leo, kwa hiyo ajali hii inatokea yenyewe. Ni kweli pia kwamba katika maabara, miale ya X iliongeza upotevu wa kromosomu kwa nzi wa matunda. Lakini huwezi kumwona kipepeo mmoja ukamlaumu mwenye shamba la jirani. Dawa zina madhara mengine ya hakika kwa vipepeo, kwanza kabisa kwamba zinawaua wakiwa viwavi.

Mimi nafuga nyuki. Naweza kuwaona kwenye mzinga?

Ndiyo, na swali hili nalipenda. Katika karne ya 19 mfugaji mmoja wa Konstanz, Ujerumani, alikuwa na mzinga uliotoa nyuki wa mchanganyiko kwa wingi, na mwanabiolojia von Siebold akawaeleza mwaka 1864. Kwa nyuki utaratibu ni mwingine kabisa: yai lililorutubishwa linatoa jike, lisilorutubishwa linatoa dume. Mwaka 2018 watafiti wa Sydney walitangaza nyuki mmoja wa ajabu mno, jike mwenye baba wawili na asiye na mama, yaani mbegu mbili za madume ziliungana zenyewe ndani ya yai. Ukimkuta nyuki mwenye jicho kubwa la dume upande mmoja na jicho dogo la mfanyakazi upande wa pili, mhifadhi.

Kwenye lupango letu kuna aina moja ambayo naona majike tu. Ni jambo hilo hilo?

Hapana, ila ni jirani yake. Kuna bakteria waitwao Wolbachia wanaokaa ndani ya seli za wadudu na kupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto kupitia yai. Dume kwao ni njia iliyofungwa, na aina nyingine za bakteria hao huwaua madume wakiwa bado ndani ya mayai. Uganda, hapa jirani, walipatikana Acraea encedon ambao sehemu nyingine karibu wote ni majike. Na katika visiwa vya Samoa, Hypolimnas bolina, ndugu wa yule wetu wa Nguba, madume walikuwa wamebaki 1% mwaka 2001. Ilipofika 2006 walikuwa wamerudi karibu 40% katika sehemu moja, kwa sababu ilikuwa imesambaa jeni inayozuia bakteria kuwaua. Vizazi kumi tu, au chini ya hapo.

Mtu ameniambia wazungu wanamnunua kwa bei kubwa.

Wakusanyaji hulipana, ndiyo. Ila mtu anayekuomba kumkamata ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega anakutia matatani. Humo kukamata wanyama bila kibali ni kosa, hata mdudu. Na kipepeo aliyeuzwa bila tarehe wala mahali alipotoka hana faida kwa sayansi.

Nikimpata, nifanye nini?

Akiwa hai, usikimbilie kumshika. Piga foto kwanza ukiwa mbali, halafu sogea: mabawa yakiwa wazi, yakiwa yamefungwa kutoka kulia, na kutoka kushoto. Hizo pande mbili ndizo ushahidi. Andika tarehe, saa, mtaa, na ua aliloketi. Kisha mwache aende.

Ukimkuta amekufa, usimshike kwa vidole juu ya mabawa, magamba yatabaki kidoleni. Kunja karatasi ya daftari iwe pembetatu, mweke ndani na mabawa yamefungwa, na uandike maelezo juu ya karatasi hiyo hiyo kwa penseli, kwa sababu wino wa biki huchujika ukilowa. Mfuko wa plastiki usitumie. Unatunza unyevu na ataoza. Halafu mpeleke kwa mwalimu wa biolojia aliye karibu, au kwenye kituo cha utafiti cha CRSN (Centre de Recherche en Sciences Naturelles) huko Lwiro, Kabare, ambako wadudu wa nchi hii wamekuwa wakichunguzwa tangu enzi za taasisi ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1947.

Kama safari ya Lwiro itangoja hadi mwezi ujao, weka karatasi ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na kidonge cha naftalini. Lisimamishe kopo katikati ya sahani yenye maji, na uongeze maji kila asubuhi, sisimizi wasipate pa kuvukia.